Namna ya kuchagua mchezo wa nyimbo wa kurusha laivu kwenye TV msimu wa sikukuu

Marekani, hasa miaka ya 2013 mpaka 2021, ikifika Desemba kulikuwa na kitu wanafanya ambacho mimi nakipenda sana. TV kubwa ilikuwa inachukua mchezo wa nyimbo wa zamani wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, inatafuta waigizaji upya, inajenga seti, alafu usiku mmoja inaurusha laivu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna kurudia, nyumba nzima imekaa inaangalia. Kama hujawahi kuona mchezo wa nyimbo wewe kumbuka Sarafina, ile stori inatembea na watu wakifika mahali maneno ya kawaida hayatoshi wanaimba na kucheza, sasa fikiria hiyo inaigizwa muda huohuo unaoiangalia na mtu akisahau mstari umemuona.

Watu wengi wakizungumzia hizi shoo wanazungumzia nani kaimba vizuri na nani kaharibu. Mimi naona usiku ule ulishaamuliwa mwaka mzima kabla, siku wakubwa walipokaa mezani wakachagua jina la mchezo. Ukichagua vibaya hata ulete mastaa wote wa dunia hakuna kitu. Kwahiyo mwongozo huu ni wa hiyo siku moja tu, ya kuchagua. Mifano ni ya huko huko Marekani maana ndo walioifanya sana, ila kama uko kituo cha TV Dar au Nairobi, au mna kikundi cha sanaa mnataka kurusha cha kwenu mtandaoni, maswali ni yaleyale, kinachopungua ni hela.

Hatua ya 1: Anza na sebule, jukwaa baadae

Mtu aliyekwenda ukumbini kanunua tiketi, kavaa, kakaa gizani, simu kazima. Hata mchezo ukipoa kidogo hatoki. Wa nyumbani ana rimoti mkononi, mtoto analia, mtu anapita mbele ya TV na sahani. Huyo ndo bosi wako. Kwahiyo kabla hujafungua orodha ya michezo yoyote, chukua karatasi uandike nani wamekaa kwenye kochi hilo: bibi, mama na baba, kijana anayejifanya haangalii, na mtoto wa miaka sita. Kila mmoja lazima awe na kitu chake ndani ya huo mchezo. Mmoja akikosa anaanza kuomba chaneli ibadilishwe na familia nzima inaondoka nae.

Hili sio jambo jipya. Machi 1955 NBC, moja ya TV kubwa za huko pamoja na CBS na Fox, walichukua Peter Pan aliyoigiza Mary Martin, ilikuwa ndo imetoka tu kumaliza Broadway, wakairusha laivu na watu kama milioni 65 wakaangalia. Miaka miwili baadae, Machi 1957, CBS wakarusha Cinderella iliyotungwa na Rodgers na Hammerstein maalum kwa ajili ya TV, Julie Andrews ndani, wakazidi milioni 100. Hadithi ya mtoto anayeruka na hadithi ya binti wa kambo, bibi anazijua, mtoto anazijua. Kisha miaka mingi sana mambo yakalala mpaka tarehe 5 Desemba 2013, NBC waliporusha The Sound of Music, stori ya Maria anayetoka kwa watawa kwenda kulea watoto saba, wakamweka mwimbaji wa country Carrie Underwood, wakapata watu milioni 18 na ushee, na hapo ndo kila chaneli ikataka ya kwake.

Sasa linganisha na Rent ya Fox, Januari 2019. Mchezo wenyewe ni mkubwa, ulipata tuzo ya Pulitzer 1996, unahusu vijana wasanii wa New York wanaoishi na UKIMWI, umasikini, madawa ya kulevya, mapenzi ya kila aina. Naupenda na naona ni moja ya kazi muhimu sana za jukwaa. Lakini ukiuweka mbele ya kochi lile, wazazi wangapi watakaa nao pamoja na mtoto wa miaka sita? Walioangalia walikuwa kama milioni 3.4. Uzuri wa mchezo na kufaa kwake sebuleni ni vitu viwili tofauti, vipime kila kimoja peke yake.

Hatua ya 2: Jaribio la mstari wa kwanza

Hili ni rahisi na halina gharama. Chukua mchezo unaoufikiria, andika nyimbo zake zote, alafu tafuta watu wa rika tofauti ambao sio wapenzi wa maigizo, fundi, dada wa saluni, mwanafunzi, mzee mstaafu. Waimbie mstari wa kwanza wa kila wimbo unyamaze. Wanaoendeleza wenyewe unaweka alama. Usiwaulize kama wanaujua mchezo maana wengi watasema hapana huku nyimbo wanazo kichwani. Mchezo usiofikisha nyimbo tatu zinazoendelezwa na watu wa rika zaidi ya moja, mimi ningeuweka pembeni hata kama wakosoaji wanaulilia.

Mfano wa kuumiza ni A Christmas Story Live, Fox, Desemba 2017. Kwa karatasi ulikuwa umekamilika, neno Krismasi limo kwenye jina, filamu yake ya 1983 Wamarekani wanaiangalia kila mwaka, unadhani utashindwaje. Lakini nyimbo zilikuwa za mchezo uliofika Broadway 2012 tu, watu waliipenda filamu na filamu haina hizo nyimbo. Wakaishia kama milioni 4.5. Yaani sikukuu kuwepo ndani ya jina haikubebi kama hakuna mtu sebuleni anayeweza kuimba na wewe.

Na upande wa pili kuna The Wiz, Desemba 2015. Stori ya Dorothy na mchawi wa Oz ikiwa na waigizaji wote weusi, Broadway ya 1975, tuzo 7 za Tony za maigizo ya jukwaani, alafu filamu ya 1978 yenye Diana Ross na Michael Jackson. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi hizi nyimbo zimekuwepo nyumbani siku zote, kwenye kanda, kwenye harusi, kwenye kwaya za shule. NBC walipata milioni 11.5, na kilichonigusa mimi zaidi ni kwamba Stephanie Mills, yule aliyekuwa Dorothy wa kwanza kabisa 1975, walimrudisha safari hii kama Aunt Em, shangazi yake Dorothy. Bibi kwenye kochi akimuona tu ameshamaliza, hana haja ya kuambiwa kitu, na mjukuu pembeni anaanza kuuliza huyu ni nani.

Hatua ya 3: Amua ni toleo gani, la jukwaani au la filamu

Hapa ndo watu wanaumia, nakuomba ukae hapa muda mrefu kuliko hatua zote.

Michezo mingi ya zamani ina matoleo mawili vichwani mwa watu. Kuna ule ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa na kuna filamu iliyokuja baadae, na mara nyingi hivi viwili havifanani. The Sound of Music jukwaani ni ya 1959, filamu ni ya 1965. Jukwaani wimbo wa My Favorite Things Maria anauimba na mkuu wa watawa kule konventini, nyumba ya watawa, kwenye filamu anauimba na watoto chumbani usiku wa radi. Jukwaani usiku wa radi wanaimba ule wa mchunga mbuzi. Kuna nyimbo mbili za wahusika wakubwa, Max na Elsa, filamu iliziacha kabisa. Na kuna nyimbo zilitungwa kwa ajili ya filamu tu, kama I Have Confidence, Rodgers, mmoja wa watunzi wawili wa mchezo huu, aliandika peke yake maana mwenzake Hammerstein alishafariki 1960.

NBC 2013 walichukua toleo la jukwaani, na kwa haki kabisa, ndo mchezo wenyewe. Lakini mamilioni ya watu walikaa wakisubiri filamu, wakaona nyimbo zimehama vyumba, wakaona Maria hafanani na Julie Andrews wa kwenye filamu, basi usiku kucha mitandao ikawaka kwa malalamiko. Ukweli walikuwa wanalinganisha vitu viwili ambavyo havikutakiwa kulinganishwa, ila mtazamaji hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Grease ya Fox, stori ya wanafunzi wa sekondari, Januari 2016, walikwenda njia nyingine. Mchezo wa jukwaani wa miaka ya 70 mwanzoni haukuwa na You're the One That I Want wala Hopelessly Devoted to You, hizo zilitungwa kwa ajili ya filamu ya 1978. Sasa nani anataka Grease bila hizo? Wakaziingiza. Watu kama milioni 12 wakaangalia na ikabeba tuzo kadhaa za TV za Emmy, ikiwemo ya uongozaji.

Kwahiyo fanya hivi. Chora safu mbili kwenye karatasi, nyimbo za jukwaani huku, za filamu huku. Weka duara kwenye zile zilizofaulu jaribio la hatua ya 2. Duara nyingi zikiwa upande wa filamu, uliza mapema kabisa kama haki za hizo nyimbo zinapatikana, maana haki za mchezo na haki za wimbo wa filamu zinaweza kuwa kwa watu tofauti na mikataba tofauti. Zisipopatikana, achana na huo mchezo, au amua kulichukua la jukwaani na uwaambie watazamaji waziwazi miezi kabla kwamba hii sio filamu. Kukaa kimya ukitegemea hawataona tofauti ni hatari, wataona dakika ya kumi.

Na kuna michezo mikubwa ambayo kila mtu atakutajia lakini wala usipoteze simu yako. Lion King iko Broadway tangu 1997 na bado inauza tiketi, mwenye mali hana sababu ya kuwapa watu bure nyumbani kile ambacho wanapanga foleni kulipia. Tafuta mchezo ambao sasa hivi hauko Broadway.

Hatua ya 4: Soma skripti ukiwa na kalamu ya matangazo ya biashara

Jukwaani kuna mapumziko mara moja. TV ya biashara ya Marekani ikikupa masaa matatu, karibu robo nzima inaliwa na matangazo. Kwahiyo mchezo wako utakatwa mara nyingi sana, na mchezo ambao haukatiki vizuri utakufa hata kama ni wa dhahabu.

Pitia skripti, kila baada ya dakika kama kumi tafuta sehemu ambayo ukikata mtu atasubiri. Mwisho wa wimbo mkubwa, mlango umegongwa, mtu mpya ametokea. Stori za safari zinakatika vizuri kuliko zote, The Wiz kila Dorothy anapokutana na mwenzake mpya barabarani unapata wimbo, unapata mtu wa kumpenda, unakata. Stori za maongezi marefu chumbani zinasumbua. Jesus Christ Superstar, stori ya siku za mwisho za Yesu kwa muziki wa roki, ni ya kipekee maana inaimbwa mwanzo mpaka mwisho, maongezi ya kawaida karibu hakuna, kila kitu ni wimbo, hivyo unakata unapotaka wimbo ukiisha.

Hatua ya 5: Je, waigizaji wa kuubeba wapo?

Usichague mchezo alafu ndo uanze kutafuta mtu, viwili vinaenda pamoja. Jiulize mhusika mkuu anaimba kiasi gani na anaigiza kiasi gani, maana staa wa muziki anaweza kuimba laivu bila shida lakini maongezi ya dakika tano bila wimbo yakamuumbua. Carrie Underwood sauti alikuwa nayo, hakuna aliyebisha, alipokosolewa ni kwenye kuigiza. Walichofanya vizuri NBC ni kumzungushia watu wa jukwaani wenyewe, Audra McDonald, Laura Benanti, Christian Borle. Audra alipoimba Climb Ev'ry Mountain hata waliokuwa wanalalamika walinyamaza.

Njia ninayoipenda mimi ni mhusika mkuu asiyejulikana akizungukwa na mastaa. Shanice Williams, binti wa New Jersey, alipatikana kwenye usaili wa wazi wa The Wiz, akawekwa katikati ya Queen Latifah, Mary J. Blige na Ne-Yo. Hairspray ya 2016 wakafanya hivohivo na Maddie Baillio, mwanafunzi tu. Mtazamaji anawajua mastaa kwahiyo anawasha TV, alafu anaipenda sura mpya kwahiyo hazimi. Mchezo wenye mhusika mkuu kijana na wahusika wa pembeni wenye nyimbo kali unakuruhusu kufanya hivi. Mchezo ambao mtu mmoja yuko jukwaani muda wote unakulazimisha kumpata mtu anayeweza kila kitu, na hao ni wachache na ratiba zao zimejaa.

Hatua ya 6: Ukimya na makofi

Hili watu hawalifikirii kabisa mpaka usiku wenyewe. The Sound of Music na Peter Pan ya 2014 ziliigizwa studio ya Bethpage, Long Island, kwenye kiwanda cha zamani cha Grumman, palepale walipounda chombo kilichotua mwezini. Mahali pazuri, pakubwa, lakini hapakuwa na watazamaji. Sasa mtu anaimba kwa roho yake yote, noti ya mwisho ndefu kabisa, anamaliza... kimya. Mkono bado uko juu, anaanza kuongea mstari unaofuata. Nyimbo hizi zilitungwa zikiwa na nafasi ya makofi ndani yake, ukiyaondoa mwigizaji anabaki hewani na wewe nyumbani unajisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Grease wakaweka watu halisi ndani ya seti, wanafunzi kwenye gym, wanapiga kelele, wanacheka. Ilikuwa kwenye studio za Warner Bros., Burbank, waigizaji wanakimbizwa na vigari vidogo kutoka jengo moja kwenda jingine wakati wa matangazo, na siku hiyo mvua ikanyesha! Jessie J akafungua shoo akitembea nje huku watu wana miavuli. Hakuna aliyejali, mvua ikawa sehemu ya ulaivu wenyewe.

Alafu Jesus Christ Superstar, Jumapili ya Pasaka tarehe 1 Aprili 2018, ghala la zamani la jeshi Brooklyn, watu wamejaa wanashangilia kama tamasha la roki, John Legend akiwa Yesu, na mwishoni ukuta mzima wa nyuma ukafunguka umbo la msalaba mwanga mkali ukapita hapo na yeye akawa anarudi ndani ya ule mwanga. Hiyo kwangu ndo bora kuliko zote zilizowahi kufanyika, na ikapata Emmy. Angalia pia walivyocheza na sikukuu, wengine wengi waligombania Desemba, wao wakachukua Pasaka ambayo stori ndo yake yenyewe.

Kwahiyo ukiwa unachagua jiulize, watazamaji wangu watakaa wapi ndani ya stori hii? Shule, tamasha, ukumbi wa dansi, studio ya TV kama ile ya Hairspray, hapo wanaingia wenyewe. Konventi ya watawa ni ngumu, itabidi uwaweke mbele kama ukumbini, Annie ya 2021 iliwaweka watu na ikasaidia sana.

Hatua ya 7: Maneno yaliyochacha

Michezo ya zamani imebeba mambo ya zamani. Peter Pan ilikuwa na wimbo wa Wahindi Wekundu wenye maneno ya kubuni ya kuwakejeli. Kwa ile ya 2014 NBC wakamwita Jerod Tate, mtunzi wa muziki wa kabila la Chickasaw, maneno yakabadilishwa, wimbo ukapewa na jina jipya. Soma skripti na watu ambao wanatajwa ndani yake, mapema, wakati bado unaweza kubadilisha mchezo wote. Ukigundua tatizo liko kwenye wimbo mmoja, omba ruhusa ya kurekebisha. Likiwa ndo uti wa mgongo wa stori, tafuta mchezo mwingine.

Hatua ya 8: Siku, na nini kikiharibika

NBC walipenda Alhamisi ya kwanza ya Desemba, saa mbili usiku ya New York. Watu wamerudi kutoka sikukuu ya Thanksgiving ya mwisho wa Novemba, hawajasafiri bado kwa Krismasi, na maduka yanahitaji kutangaza bidhaa kuliko wakati mwingine wowote. Kwa sisi wa Afrika Mashariki hapo ni saa kumi alfajiri ya Ijumaa, kwahiyo ukitaka kuona laivu kweli unaamka na muadhini.

Kwenye kuchagua mchezo hesabu pia una nafasi gani ya kujiokoa. Usiku wa kuamkia Grease, baba yake Vanessa Hudgens alifariki na binti bado akasimama akaimba. Rent, siku moja kabla, kwenye mazoezi ya mwisho yenye mavazi, Brennin Hunt akavunjika mguu na hakukuwa na mbadala. Fox wakalazimika kurusha sehemu kubwa ya yale mazoezi waliyokuwa wameyarekodi, laivu ikabaki kipande cha mwisho tu, Hunt akiwa na mguu umefungwa. Kwahiyo mchezo wenye mhusika mkuu mmoja anayerukaruka unahitaji mbadala aliyejifunza kila kitu, iingize kwenye bajeti sasa hivi, na mazoezi ya mwisho rekodi na watazamaji ndani kwa ubora uleule wa usiku wenyewe.

Mwisho usibaki na jina moja mkononi. NBC walitangaza Bye Bye Birdie na Jennifer Lopez kwa ajili ya Desemba 2017, ikasogezwa 2018, ratiba zikagoma, haikufanyika. Hair ilitangazwa ya Mei 2019, nayo ikafutwa. Lakini kabla ya The Wiz walikuwa na The Music Man nayo mezani, wakawa wanapima hii na hii mpaka mwanzoni mwa 2015 ndo wakaamua. Fanya hivyo, michezo miwili iliyopita hatua zote saba za juu, zungumza na wenye haki wa yote miwili, na usimtajie staa yeyote jina la mchezo mpaka umeshika barua ya haki mkononi.